Kiarabu cha chuo kikuu na makaratasi ya Maniema

Mtoto wa dada yangu alipotangaza nyumbani kwamba anakwenda ng'ambo kusoma lugha, utamaduni na sanaa ya Waarabu kwenye chuo kikuu, wazee walicheka. Mmoja wao, mzee wa Kasongo, akamuuliza: «Kiarabu ni ya nini, mutoto? Unataka kuwa shehe?» Mwingine akasema afazali asome udaktari ao sheria, ndiyo kazi inayoleta mukate. Mimi pia nilicheka. Leo kile kicheko kinanisumbua, na ndiyo sababu ya kurasa hizi.

Ndugu msomaji, Kiarabu si kitu cha mbali kwetu. Katika karne ya 19, Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji ya biashara ya watu wa Zanzibar na ya Wangwana. Katika mwaka 1887 Tippu Tip, ndiye Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliwekwa kuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Baadaye serikali ya Leopold II ikapigana na wafanyabiashara hao, toka 1892 mpaka 1894. Katika miaka ile yote barua zilikuwa zinatembea, na nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zingine ni lugha ya Kiarabu. Lakini zingine, ukizisomesha kwa sauti, unasikia Kiswahili.

Mwaka 2020 Xavier Luffin, mwalimu wa Kiarabu kwenye chuo kikuu cha Brussels, alitoa kitabu Un autre regard sur l'histoire congolaise. Humo alikusanya hati za Kiarabu na za Kiswahili za miaka 1880 mpaka 1899, zilizolala katika nyaraka za Ubelgiji, akazitafsiri kwa Kifaransa. Kazi hiyo inastahili sifa. Inavunja ile mazoea ya kusema kwamba historia yetu ya wakati ule ina njia mbili tu: vitabu vya Wazungu na midomo ya wazee. Kumbe kuko njia ya tatu, nayo iko ya wino.

Hata hivyo kitabu kinatuachia swali. Kama kichwa chake kinavyoeleza, kinashika zile hati zilizofika Ubelgiji. Na zile zilizobaki katika masanduku ya jamaa zetu, nani atazisoma? Na juu ya nini sisi tupate barua za babu zetu kupitia Kifaransa cha mtu mwingine? Kosa hilo si la mwandishi. Ni letu.

Mpwa wangu aliporudi likizo, alikuwa anajua mengi. Nahau ya Kiarabu, mashairi ya al-Mutanabbi, khati ya Kufi na ya Thuluth. Juu ya majumba ya Alhambra kule Granada angeweza kuongea saa nzima. Basi yule mzee wa Kasongo akamletea karatasi ya zamani ya jamaa yake, hesabu ya deni. Kijana akaanza kusoma, herufi kwa herufi. Akafika mahali akasema: «choma». Kuchoma nini? Maneno hayakushikamana. Mzee, aliyekuwa anasikiliza na macho yamefungwa, akasema: «Hapana, mutoto. Chuma! Ni majembe ya chuma.»

Kosa lile lina sababu. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu. O na u zinaandikwa namna moja, hata e na i. Herufi za p na v hazimo kati ya herufi zake. Kwa hiyo, katika maandiko mengi ya zamani, «pata» na «bata» zinafanana, na «fua nguo» inafanana na «vua nguo». Mwenye Kiarabu peke yake anaona herufi, maana inamkimbia. Mwenye Kiswahili peke yake ana maana yote kichwani, lakini mbele ya karatasi ni kipofu. Siku ile wale wawili pamoja walifanya msomaji mmoja.

Ndipo ninapokosoa masomo yenyewe. Khati inafundishwa kama pambo la ukuta wa msikiti na la kitabu cha mfalme. Ni vizuri, ni sanaa kubwa. Lakini mwandiko wa haraka wa mfanyabiashara wa Nyangwe nao ni sehemu ya utamaduni huo, na mwanafunzi wetu anamaliza diploma bila kuuona.

Kuko na hatari nyingine pia. Wengine wanaorudi kutoka masomo hayo wanasifu kila kitu cha Mwarabu. Hata neno letu «ustaarabu» linawasaidia. Tusisahau: misafara ile ya pembe za tembo ilibeba pia watumwa, na katika mwaka 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Kusoma Kiarabu si kuosha mambo hayo. Deni la majembe linaweza kufuatwa, kwenye karatasi hiyo hiyo, na deni la watu. Nani atalisoma bila kuficha, kama si mjukuu wa pande zote mbili?

Naomba basi kitu kidogo: vyuo vikuu vyetu, Kindu, Kisangani, Lubumbashi, vimpe mwanafunzi wa historia somo la herufi za Kiarabu zinazoandika Kiswahili, na mzee akae darasani pamoja na mwalimu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yule mzee alifariki mwaka uliofuata. Karatasi iko, mpwa wangu anaitunza. Kuko mistari mitano ambayo hawakuifikia siku ile. Herufi zake anazisoma zote; maneno mawili bado yanamshinda, na hana tena wa kumsomea kwa sauti.