Barua ni Nusu ya Kuonana: Salamu katika Jumbe za Msalaba Mwekundu, Goma

Uhakiki wetu umezoea kuitazama barua kama utanzu mwepesi, na salamu zake kama pambo la fani lisilo na maudhui. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kuchunguza ujumbe wa Msalaba Mwekundu, barua iliyowaunganisha jamaa waliotawanyika Goma na kwingineko.

Mwezi Julai 1994, watu wapatao 800,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma katika siku chache. Wazazi na watoto walipotezana njiani. Posta haimfikii mtu asiye na anwani. Ujumbe huu ulipelekwa na wahudumu wa Msalaba Mwekundu. Masharti yake ni makali: haufungwi, husomwa kabla ya kupelekwa, na hubeba habari za kifamilia tu. Siasa na vita havitajwi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili maneno hayakuruhusiwa kuzidi 25.

Je, hubaki nini? Hubaki kile tulichokiita pambo. Katika barua za Kiswahili alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892, salamu hutangulia shughuli. Na hadi leo adabu ya barua humtaka mwandishi aeleze hali ya walio kwake, kisha awataje wa kusalimiwa. Chini ya masharti haya, orodha ya majina hugeuka kuwa daftari la walio hai. Likitajwa jina la baba na la shangazi, la mama lisitajwe, mkaguzi haoni neno la kufuta, aliyeandikiwa ameshaelewa. Hapa fani ndiyo maudhui.

Lugha nayo ina kazi yake. Maumbo ya Kiswahili cha Kongo, kama *batoto* na *muzuri*, humthibitishia mpokeaji kuwa anayesema ni mtu wa kwao. Mhudumu anayemwandikia asiyejua kuandika akiyasanifisha, uthibitisho huo hupotea.

Goma imeendelea kutawanya watu: kwa lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, na kwa vita vilivyoufanya mji utwaliwe na M23 Januari 2025. Wanafunzi watakaokabidhiwa barua za namna hii na wenyewe, wasikate salamu kwa kuziona marudio, wala wasisahihishe lahaja. Atakayefanya hivyo atakuwa amehifadhi karatasi na kuitupa barua.