Mlango wa Nyuma: Noeli ya Wazazi katika Dickens na Wilder

Katika miji yetu Noeli ni sikukuu ya watoto kwanza. Kwa ajili yao hushonwa nguo mpya, kwa ajili yao huchinjwa kuku, na mvua ya Desemba haiwazuii kupita nyumba kwa nyumba wakionyesha viatu vyao. Watoto hao wakisha kukua na kutawanyika, mzazi aifanyie nini siku hiyo? Aifurahie kwa kuwa amepumzika, au aiogope kwa kuwa nyumba imenyamaza? Wengi wetu hufanya yote mawili kwa pamoja, na huona haya kuyasema. Katika makala haya tungependa kutazama jinsi waandishi wawili wa lugha ya Kiingereza walivyolishughulikia swali hilo.

Mwaka 1851 Charles Dickens alitoa katika jarida lake, Household Words, insha fupi yenye jina What Christmas Is as We Grow Older. Hoja yake ni kwamba, kadiri tunavyozeeka, tusimfungie mtu mlango siku hiyo: tuyapokee matumaini yaliyoshindwa, tumpokee hata adui wa zamani, na wafu wetu pia tuwape nafasi karibu na moto. Insha hiyo haina budi kusomwa pamoja na mwaka wake. Mwishoni mwa Machi 1851 Dickens alifiwa na baba yake, na majuma mawili baadaye akafiwa na binti yake mchanga, Dora. Kwa hiyo ukarimu anaouhubiri si maneno matamu ya msimu, ameulipia.

Thornton Wilder, Mwamerika aliyezaliwa mwaka 1897, alichapisha mwaka 1931 tamthilia ya tendo moja iitwayo The Long Christmas Dinner. Jukwaani pana meza moja tu iliyoandaliwa. Ukoo wa Bayard unakula hapo Noeli za miaka 90 bila pazia kufungwa. Upande mmoja kuna mlango uliopambwa kwa matunda na maua, ambao ndio wa kuzaliwa. Upande wa pili kuna mlango wa mahameli nyeusi, ambao ndio wa kufa. Chakula ni cha kuwaza tu, na wahusika huzeeka mbele ya macho yetu kwa kuvaa nywele nyeupe. Maneno yao ni yale yale kizazi hata kizazi: hali ya hewa, mahubiri ya asubuhi, nani aongezewe nyama.

Ikumbukwe kwamba Wilder hakuoa wala hakuzaa, na kwamba mtoto wa kwanza wa Dickens alikuwa hajatimiza miaka 15 insha ilipotoka. Wote wawili, basi, waliandika juu ya Noeli ya wazee kabla ya kuketi mahali pa mzazi aliyeachwa. Hilo si kosa, lakini linampa mhakiki haki ya kuuliza: ni wapi walipoona, na ni wapi walipobahatisha?

Wachambuzi wengi hutaja ile milango miwili ya Wilder. Kwa maoni yetu, mlango wenye uzito zaidi ni wa tatu, ule wa kawaida ulio nyuma, uendao ukumbini. Roderick kijana hagombani na mauti, anagombana na baba yake, kisha anaondoka. Genevieve, ambaye alipokuwa msichana aliapa kuishi na mama yake daima, mwishoni hawezi tena kuivumilia nyumba hiyo, naye anakwenda ng'ambo. Hawa hawakufa, kwa hiyo hawaliliwi. Hawapo, kwa hiyo hawafurahiwi. Dickens anajua namna ya kuwakaribisha wafu. Kwa aliye hai lakini hakuja, insha yake haina neno la kutosha. Wilder naye hamwelezi. Anamwonyesha tu akitoka, na meza inaendelea. Hapo ndipo tunaposema kwamba aliona.

Swali la pili ni la tafsiri. Barafu kwenye matawi, inayotajwa mara kwa mara mezani, yaweza kugeuzwa mvua bila hasara kubwa. Majina yanayorudi, Roderick na Lucia, hayatamshangaza msomaji wetu anayejua mjukuu kuitwa kwa jina la babu. Shida ni Ermengarde, ambaye mwishoni hubaki peke yake mezani akisoma barua inayosimulia nyumba mpya ya vijana. Kwa Kiingereza yeye ni ndugu wa mbali, mtu wa pembeni. Tukimwita binamu, tutakuwa tumetumia neno ambalo kwetu ni la vitabuni kuliko la nyumbani. Tukimwita shangazi, hawezi tena kuwa wa pembeni, na waliomwacha watabeba hatia ambayo Wilder hakuwatwika. Sisi tungechagua shangazi. Tamthilia itakuwa kali zaidi, lakini watazamaji wetu wataijua.

Mwandishi wa mistari hii ana watoto wanne, na wote wameondoka. Noeli iliyopita tulikuwa wawili mezani. Mama watoto alipika kwa kipimo cha zamani; tukalalamikia chakula kilichobaki, tukawaita watoto wa jirani wakakimaliza kwa kelele. Usiku simu zilipolia, tuliwaambia wetu kwamba siku ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Hatukuwaambia kwamba tulikuwa tumeweka sahani sita.

Kwa wanafunzi watakaopenda kuigiza kazi hii, gharama ni ndogo: meza, viti, na nywele za bandia. Tunawaomba jambo moja tu. Mwishoni, Ermengarde anapoelekea kwenye mahameli nyeusi, ule mlango wa nyuma uachwe wazi.