Springi Iko Juu ya Ekseli au Chini Yake?

Binamu yangu alinunua pikapu ambayo tayari ilikuwa imeshushwa. Mwenyewe wa kwanza alipenda gari likae karibu na lami, na kwa macho ilipendeza kweli: madigadi yamefunika tairi vidole viwili, bodi imetulia kama mtumbwi kwenye maji ya bwawa. Lakini binamu hakuinunua kwa mapambo. Hupakia samaki Gazi na Msambweni alfajiri, akawashusha Ukunda na Diani, na samaki wakiadimika hubeba makuti au machungwa. Wiki ya kwanza haikwisha kabla hajaanza kusikia chuma kikigonga nyuma kila anapovuka tuta. Kreti chache za samaki na barafu zilitosha kuilaza.

Gereji ya kwanza walimwambia aongeze bledi mbili kila upande. Ndiyo dawa ya kawaida kwa pikapu za mizigo huku kwetu, na kwa gari lenye springi zilizochoka mara nyingi hufaa. Alilipa, zikafungwa. Akiwa mtupu, gari lilimrusha kwenye kila tuta la barabara ya Diani hadi mgongo ukamuuma. Akiwa na mzigo, lilichelewa kugonga, halikuacha.

Fundi wa pili, wa Ukunda, hakuuliza habari za bledi. Alilala chini kwenye kipande cha katoni na tochi mdomoni, akakaa huko kitambo. Alipotoka alisema, "Ndugu yangu, springi yako iko chini ya ekseli, na katikati pameshindiliwa chuma. Hao wameinua nini?"

Kwenye swali hilo ndipo kazi yote ilipo, na naona linarukwa na mafundi wengi wenye mikono mizuri. Pikapu nyingi za springi za bledi nyuma ni za aina mbili. Kuna ambazo springi imelala juu ya ekseli, na kuna ambazo springi inapita chini ya ekseli na kufungwa hapo kwa yubolti. Chukua bloku moja ya chuma ya inchi 3, uiweke kati ya springi na ekseli. Kwenye gari la kwanza, bloku inaisukuma springi juu, na kwa kuwa chesi imeshikwa na springi, gari linapanda inchi 3. Kwenye gari la pili, bloku ileile inaisukuma springi chini, chesi inafuata, gari linashuka inchi 3. Chuma ni kilekile na bolti ni zilezile, matokeo yamepishana kabisa. Fundi aliyezoea aina moja anaweza kuiharibu nyingine kwa nia njema.

Bledi nazo zina siri hiyohiyo. Springi ikiwa juu ya ekseli, kila bledi inayoongezwa huleta pia unene wake kwenye kimo, maana mganda mzima umeikalia ekseli. Ikiwa chini ya ekseli, bledi fupi zinaongezwa kwa chini, mbali na ekseli, kwa hiyo unene wake hauinui chochote. Unachopata ni ugumu, na kimo kidogo kama bledi hizo zimekunjwa vizuri. Za binamu zilikuwa karibu bapa. Ndiyo maana alipata mrusho bila kupata nafasi.

Fundi alizitoa zote nne kwanza, ili apime springi yenyewe. Akaisogeza pikapu kwenye sakafu ya saruji, akaitikisa nyuma mara tatu itulie, akapima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi. Hakupima kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi na kulika kwa raba kunadanganya. Kushoto sentimita 31, kulia 29.5. Kisha akapima kinachomhusu zaidi: nafasi kati ya ekseli na ule mpira wa kugongea chini ya chesi. Kushoto 4, kulia 2.5 tu. Upande wa kulia ndio wa dereva, na springi yake ilikuwa imechoka zaidi.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sijawahi kuona gereji nyingine ikilifanya. Aliazima saruji kutoka duka la vifaa vya ujenzi la jirani, akawa anapakia mfuko mmoja mmoja juu ya ekseli na kupima tena. Kila mfuko ni kilo 50. Wa tatu ulipotua, upande wa kulia uligusa mpira. Kilo 150 zimeshusha sentimita 2.5, yaani kilo 60 kwa kila sentimita. Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni hii mwaka 1678: springi hujinyoosha au kujikunja kwa kadiri ya uzito inaoubeba, ukiongeza mara mbili nayo inashuka mara mbili. Ukiwa na namba hiyo moja, mengine unayapata kwa kalamu.

Binamu alitaka kubeba kilo 300 na bado abaki na nafasi ya matuta. Kwa springi ileile, kilo 300 zinataka sentimita 5, naye alikuwa na mbili na nusu upande mmoja. Hata bila kushika spana, ilikuwa wazi kwamba nafasi imeliwa na bloku.

Bloku za inchi 3 zikatoka, zikaingia za inchi 1. Hapo zilipatikana sentimita 5. Mimi ningetoa zote, lakini binamu alishaizoea sura ya gari lake, na mbele hatukugusa. Tungeipandisha nyuma yote, pua ingeinama. Springi ya kulia ilifunguliwa ikapigwa upya ikiwa baridi, kwa nyundo, mdogomdogo, hadi mkunjo wake ukalingana na wa kushoto. Hakuwasha gesi. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Ukikibabua kwa moto wa kuchomelea kinainama vizuri siku hiyo, na baada ya miezi michache kinalala, au kinakatika. Mwishowe bledi moja ndefu, iliyokunjwa sawasawa na zenzake, ikaongezwa kila upande. Mifuko ya saruji ikarudi juu. Sasa ilikuwa kilo 75 kwa sentimita. Gari likiwa tupu nafasi ni sentimita 9 pande zote mbili, na kwa kilo 300 zinabaki 5.

Shokabsoba zilikuwa fupi, za yule mwenyewe wa kwanza. Zingeachwa, kila gurudumu likitumbukia shimoni zingevutika hadi mwisho na kung'oka vichwa. Zikabadilishwa. Yubolti mpya pia zilinunuliwa, fupi, kwa sababu kwenye zile ndefu nati ingefika mwisho wa uzi kabla haijabana, na tena yubolti iliyokwisha kazwa sana huwa imevutika. Bolti za bushi hazikukazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Ziliachwa legelege hadi lilipokaa kwa miguu yake, ndipo zikabanwa, maana mpira wa bushi ukibanwa ukiwa umejipinda unachanika mapema.

Nimeacha breki hadi sasa makusudi, kwa kuwa ndizo zilizonitisha. Pikapu hii ina valvu ya breki inayosoma mzigo. Imefungwa kwenye chesi, na mkono wake wa chuma umeshikana na ekseli. Mzigo ukiongezeka chesi hushuka karibu na ekseli, mkono unasogea, valvu inaruhusu nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu inazipunguza, ili tairi za nyuma zisigande na kuteleza. Sasa fikiria gari lililoshushwa inchi 3 bila mtu kuigusa valvu hiyo. Kwa valvu, gari limepakia wakati wote. Msimu wa masika binamu alikuwa akirudi mtupu kwenye barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, karibu na Tiwi, akafunga breki kumkwepa mbuzi, na mgongo wa gari ukamtangulia. Alilaumu tairi, akanunua mpya. Tairi hazikuwa na kosa.

Fundi aliteremsha kishikio cha mkono ule kwenye ekseli kwa inchi 1, kiasi kilekile kilichobaki cha kushushwa. Kisha kabla jua halijapanda wakaenda kwenye kipande kitupu cha murram, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, breki za ghafla, mimi nikiwa nimesimama kando naangalia. Alama za mbele zilianza kuonekana kwenye vumbi kabla ya za nyuma. Akarudia mara nne. Kinyume chake kina hatari pia: ukiinua gari la mizigo juu sana na kuiacha valvu, itaamini liko tupu hata ukipakia mawe ya matumbawe hadi ukingoni, na breki za nyuma zitafanya kazi nusu.

Wiki mbili baadaye tulirudi kupima. Kushoto ilikuwa imetulia milimita 4, kulia 5. Springi iliyopigwa upya hulala kidogo, hilo lilitarajiwa. Nati za yubolti zilikubali robo mzunguko kila moja. Lililomkera fundi ni maji ya barafu ya samaki, yenye chumvi, yaliyokuwa yakidondoka kwenye tundu la bodi moja kwa moja juu ya springi ya kulia. Kutu ilikwisha kuingia kati ya bledi, kwenye tundu la senta bolti, mahali ambapo springi hupenda kupasukia. Sasa tukajua kwa nini upande huo ulichoka kwanza. Aliziba tundu, akatoboa lingine nyuma kabisa ya bodi na kuliwekea kipande cha mpira wa bomba kinachomwaga maji nje ya ekseli, na binamu akaambiwa azioshe springi kwa maji matamu kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini.