Shomoro katika Maandishi ya Watoto wa Unguja

Katika fasihi ya Kiswahili ndege ana cheo kikubwa, lakini aghalabu cheo hicho si chake. Mshairi humtuma kupeleka salamu, msimulizi humtia ulimi wa hakimu, na mwalimu humfanya mfano wa bidii au wa uvivu. Katika kazi zote hizo ndege mwenyewe hatazamwi, hutumikishwa tu. Kwa msomaji mtu mzima jambo hili halina dhara, maana amekwisha kumjua ndege kabla ya kukutana naye kitabuni. Kwa mtoto mdogo ni kinyume chake, kwani kitabu ndicho kinachomzoeza kutazama au kutotazama. Shomoro wa Mji Mkongwe, ambaye mtoto wa Shangani au wa Malindi humwona kila siku bila ya kuondoka barazani kwao, anatosha kuwa mizani ya kupimia maandishi ya namna hii.

Shida ya kwanza ni jina. Shomoro, jurawa na shorewanda yote hutajwa kwa ndege huyu au kwa jamaa zake. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 ilichukua shomoro, na kwa njia hiyo neno likaenea bara hata mahali ambapo wasomaji hawakuwa na hakika ni ndege gani anayetajwa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ingetazamiwa basi kwamba ndege wa kuta za Unguja awe na maelezo yaliyo wazi. Lakini kamusi zetu mara nyingi hutosheka na kusema kwamba neno fulani ni "aina ya ndege mdogo". Maelezo hayo humfaa msomaji wa shairi anayetaka kuendelea na ubeti wa pili. Hayamfai mtoto aliyesimama dirishani akiuliza yule ni nani, kwa sababu mnana naye ni ndege mdogo, na chozi naye ni ndege mdogo. Mwandishi wa watoto hana budi kuchagua jina moja, kuyataja mengine mara moja, kisha kueleza mwili.

Na mwili huo waelezeka kwa maneno mepesi kabisa. Dume ana utosi wa kijivu, weusi kooni unaoshuka kifuani, na mgongo wa hudhurungi wenye michirizi. Jike ni wa rangi ya udongo, wala hana weusi ule. Hutia tago lao katika matundu ya kuta za mawe na chokaa, au penye nafasi chini ya paa. Jike hutaga mayai matatu hata matano kwa kawaida, nayo huatamiwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Makinda nayo hukaa tunduni kiasi kama hicho kabla ya kuruka. Wakubwa hula mbegu na makombo, lakini makinda hulishwa zaidi wadudu. Habari hii ya mwisho peke yake yatosha kumfanya mtoto anyamaze na kutazama: mzazi anayeingia ukutani amebeba nini mdomoni?

Tena shomoro huyu ni mgeni. Asili yake si Unguja. Aliletwa na watu kutoka ng'ambo, kama alivyoletwa kunguru wa Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Kunguru amegeuka adui wa mayai na makinda ya ndege wengine, na shomoro amejifanya mwenyeji wa nyumba za watu. Kuwasimulia hao wawili pamoja ni kumfunza mtoto historia ya mji wake bila ya kumtajia sultani hata mmoja.

Hapa maandishi mengi huteleza, kwa kuwa hutaka kutoa hukumu mapema. Mtoto wa mjini huambiwa kwamba ndege mdogo ni rafiki. Mtoto wa Cheju, penye mashamba ya mpunga, amewaona wakubwa wake wakiamia, nao hawana urafiki na mnana na wenziwe walao nafaka. Kila mmoja ana ukweli nusu. Uchina ilipoanza vita vya kuwaangamiza shomoro mwaka 1958, kwa kuwa walikula nafaka, wadudu waharibifu waliongezeka, na mwaka 1960 shomoro wakaondolewa katika orodha ya maadui. Waliohukumu walikuwa wamehesabu punje zilizoliwa na mkubwa, wakasahau wadudu waliopelekewa kinda.

Yawezekana kujibiwa kwamba ngano ndiyo shule ya kale ya mtoto wa pwani, na kwamba tangu "Paukwa" hata "Pakawa" hakuna aliyedai sungura aelezwe meno yake. Ni kweli, lakini ngano zilitungwa kwa watu waliomjua sungura vichakani na kumsikia fisi usiku. Mzaha wake wasimama juu ya maarifa hayo. Maarifa yakiondoka, mnyama hubaki jina tupu, na adili lake huwa agizo tu lisilo na ladha. Basi maelezo ya kweli hayaji kuifukuza ngano. Huja kuitilia msingi.

Kwa hiyo andiko jema la shomoro kwa mtoto mdogo litajulikana kwa alama tatu. Litamtaja ndege kwa jina lisiloyumba. Litasema linaloweza kuthibitishwa na macho ya mtoto mwenyewe, kama vile shomoro anavyokoga vumbi uani. Na litachelewesha adili mpaka mtoto awe na la kulipinga au kulikubali. Kijana aliyekwisha kuhesabu safari za mzazi kwenda na kurudi ukutani asubuhi moja atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kushusha manati na kutotega ulimbo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; na lugha nayo humlea, ikimpa majina yaliyojaa au majina matupu.