Bei Mbili na Kauli Moja

Swali lenyewe ni fupi: "Unarusha dadu yenye pande sita. Namba itakayotokea ndiyo dola utakazopewa. Usiporidhika, unaweza kurusha mara moja tena, na ya pili ndiyo ya mwisho. Utalipa kiasi gani kucheza?" Maswali ya sura hii humngoja anayeomba kazi ya kununua na kuuza katika kampuni zinazoingia masoko ya fedha kwa hisabati na kompyuta. Mojawapo, Jane Street, imetoa mwongozo wa bure wa kujiandaa, na kijana wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwenye simu na bando anaweza kuusoma. Kinachostahili uhakiki ni umbo la swali, kwa kuwa ndilo linalowaangusha hata wenye hesabu safi.

Sentensi tatu za mwanzo zinaweka kanuni. Ya nne ndiyo inayouliza, na mzigo wote umebebwa na kitenzi "utalipa". Hesabu si ngumu. Wastani wa kurusha mara moja ni 3.5, kwa hiyo ukipata 4, 5 au 6 unachukua, ukipata 1, 2 au 3 unarusha tena. Nusu ya michezo itakupa wastani wa 5, nusu nyingine 3.5, kwa ujumla ni 4.25. Msailiwa anatamka "4.25" na kunyamaza, akidhani amemaliza. Lakini hiyo ni thamani, naye ameulizwa bei. Anayelipa 4.25 anajisumbua bure. Ndiyo maana msaili hufuatiza: "Na ungeniuzia kwa ngapi?" Hapo jibu linagawanyika: nanunua kwa 4, nauza kwa 4.50. Ni safu mbili zile zile za ubao wa duka la kubadilishia fedha mjini Lilongwe. Mwenye duka anakula katikati.

Sura ya pili ya swali inaondoa hata kanuni. "Nipe bei mbili za idadi ya wakazi wa Dzaleka, kwa maelfu." Anayejua kwamba kambi hiyo ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu, na kwamba imefurika, atasema 45 na 55. Msaili: "Nimenunua kwa 55. Bei zako sasa?" Hakuna neno jipya lililosemwa kuhusu Dzaleka, ila kununua kwenyewe ni habari: huyu anaona idadi iko juu. Jibu zuri ni kupanda, tuseme 52 na 62. Anayeng'ang'ania bei za mwanzo, msaili atanunua kwake tena na tena.

Hapa ndipo msailiwa wa Dzaleka anapoweza kukwama, wala si kwa uchache wa akili. Intavyuu anayoijua ni ya kuomba hadhi ya ukimbizi, nayo ina umbo lake: wakati uliopita, nafsi ya kwanza, tarehe, majina ya vijiji, njia aliyopita kutoka Uvira au Bujumbura. Swali likirudiwa, linapima kama kauli ni ile ile. Miongozo ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, inataka mwombaji apewe nafasi ya kueleza maneno yanapopishana, lakini kupishana kwenyewe tayari ni doa. Kwenye usaili wa soko, swali lililorudiwa linauliza umebadilika kiasi gani, na kwa nini.

Umbo hili la swali la soko lina kasoro. Wastani ni hesabu ya anayeweza kucheza mara nyingi na kustahimili hasara. Mwenye dola nne tu za chakula ana haki ya kukataa mchezo wenye faida, na swali halimwachii nafasi ya kusema hivyo. Tena "unarusha" inachukulia kwamba mkono uko huru, na wa mkimbizi wa Dzaleka hauko huru. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilikataa kufungwa na vifungu vya ajira na vya kutembea, na mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa nje ya kambi warudi Dzaleka.

Hata hivyo, swali hili linafanya jambo adimu: linamlipa mtu kwa kubadili mawazo hadharani. Kwa hiyo kukariri majibu hakusaidii. Kinachosaidia ni mazoezi: wawili wakae, mmoja ataje bei, mwenzake anunue au auze bila maelezo, na kila bei mpya ije na sababu yake. Asiyeweza kusema kwa nini amepanda kutoka 55 hadi 62, hata akipatia, amebahatisha tu.