Kesi ya Epic na Google, ikisomwa kutoka Mboko

Wenzangu wasomi, kila mara inapotoka hukumu mpya juu ya Apple au Google, naona watu katika magrupu yetu wanaishangilia kama goli. "Wamepigwa!" Na mie nafurahi kidogo, sikatai. Lakini nikiziangalia hukumu zenyewe naona tunashangilia mechi ya wengine. Si kwamba waliolalamika hawakuwa na haki. Walikuwa nayo, kwa sehemu kubwa. Ila swali lililoulizwa kule mahakamani si swali letu, na jibu lililotolewa halifiki huku kwenye barabara ya Uvira na Baraka.

Kwa wale ambao hawakufuata, jambo lenyewe ni hili. Tarehe 13 Agosti 2020, Epic Games, kampuni ya Marekani yenye mchezo wa Fortnite, iliweka ndani ya mchezo wake njia yake yenyewe ya kulipia, kwa bei ya chini. Apple na Google zilikuwa zinakata 30 katika kila 100 inayolipwa ndani ya programu, na zilikataza mtengenezaji kupitisha malipo hayo kwa njia nyingine. Siku ileile zote mbili zikauondoa mchezo katika maduka yao. Siku ileile Epic ikazishtaki zote mbili. Tuseme kweli, karatasi za mashtaka zilikuwa zimeshaandaliwa. Ulikuwa mtego, na windo liliingia.

Mashtaka yalikuwa karibu ya namna moja, lakini yaliisha tofauti. Kwa Apple, jaji Yvonne Gonzalez Rogers alisema tarehe 10 Septemba 2021 kwamba Epic haikuthibitisha ukiritimba kwa sheria ya shirikisho. Alichoikataza Apple, kwa sheria ya jimbo la California, ni kuwaziba watengenezaji midomo wasiwaambie wateja kwamba kuna pengine pa kulipia. (Na hata hilo Apple ilizungukazunguka nalo mpaka Aprili 2025, jaji huyohuyo akasema wazi kwamba imekaidi amri yake kwa makusudi.) Kwa Google, baraza la raia waliosikiliza kesi kule San Francisco lilisema tarehe 11 Desemba 2023 kwamba kampuni hiyo imevunja sheria. Oktoba 2024 jaji James Donato akaamuru Play Store ibebe maduka ya wapinzani ndani yake kwa miaka mitatu, na tarehe 31 Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaiunga mkono hukumu hiyo.

Sasa angalia ajabu yake. Kwenye iPhone, nje ya Ulaya na sehemu chache ambako sheria imelazimisha, huwezi kuweka programu ila kupitia duka la Apple. Kwenye Android siku zote kulikuwa na dirisha: mtu anakupa faili, unaliruhusu, unaweka. Aliyefunga mlango, dirisha na dari akatoka karibu mzima. Aliyeacha dirisha ndiye akapigwa.

Sababu yake inaeleweka, hasa kwa wanaosoma sheria. Apple inatengeneza simu yenyewe, haihitaji kumshawishi mtu. Google ilisema Android ni ya wote, halafu ikaingia mikataba na watengenezaji wa simu na wa michezo, na pesa zikatembea, ili maduka mengine yasipate nguvu. Mikataba inaacha alama, na mahakama inapenda alama. Lakini kwangu hiyo ni kasoro kubwa ya namna hii ya kufikiri. Sheria inamkamata anayewalipa wapinzani wanyamaze, na inampita yule aliyejenga nyumba ambamo mpinzani hawezi hata kuzaliwa. Tukichukua fundisho hilo kama lilivyo na kulileta kwetu, tutakuwa tunawaambia wakubwa: fungeni kabisa, mtakuwa salama.

Kasoro ya pili inatuhusu zaidi. Katika kesi za ushindani kila kitu kinaanza na swali, soko ni lipi? Katika kesi ya Apple jaji aliamua kwamba soko lenyewe ni malipo ya michezo ndani ya simu. Basi aliye ndani ya soko hilo ni mtu mwenye kadi ya benki na dola za kununulia vitu vya uwongo vya Fortnite. Ni watu wangapi hapa Mboko? Feza yetu iko M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, au iko mfukoni imekunjwa. Ile asilimia 30 tunayoilaani kwenye magrupu, wengi wetu hatujawahi kuilipa hata mara moja.

Sisi tunalipa kwa mega. Programu tunayoiita ya bure inakula mega ikishuka, inakula tena kila ikijisasisha, na mega hizo mtu amezinunua kabini kwa pesa ya ndagala. Play Store imejengwa kana kwamba kila simu duniani inakaa chini ya waya wa intaneti usiokatika. Simu ishirini za wanafunzi ishirini zinatakiwa kushusha kitu kilekile mara ishirini. Ndiyo maana vijana wetu walitafuta njia yao: mmoja anashusha, wengine wanapokea kwa Xender au Bluetooth, bila hata mega moja. Nenda kwa yule kijana mwenye kompyuta anayekutilia nyimbo na filamu kwenye kadi ya simu, mwambie akutilie na programu. Lile ndilo duka letu la pili. Halina jina, halina asilimia, na hakuna jaji wa California aliyewahi kulihesabu.

Na kabla hujasema kwamba haya ni maneno ya maskini tu, kumbuka jinsi maduka rasmi yalivyotufikia. Apple ilifungua App Store mwaka 2008. Kongo iliingizwa katika orodha ya nchi zake Aprili 2020, pamoja na Kamerun, Rwanda, Zambia na nyingine. Miaka kumi na miwili! Muda wote huo Mkongo mwenye iPhone alipaswa kufungua akaunti kwa kujidai kwamba anakaa Ubelgiji au Ufaransa. Ulaya inapigania kuwa na milango mingi. Sisi tulikuwa hatujahesabiwa miongoni mwa wanaobisha hodi.

Hatari ya mlango mmoja tuliiona kwa macho mwanzoni mwa 2025. Goma ilikuwa imeanguka mwishoni mwa Januari, kila mtu anatafuta habari za ndugu zake, na ndani ya siku chache X na TikTok zikazuiliwa nchini. NetBlocks, wanaopima mitandao ya dunia, waliripoti kwamba Play Store nayo ilizuiliwa. Fikiria hesabu ya anayezuia. Watu wakifungiwa X watatafuta VPN. VPN inatoka wapi? Dukani. Basi funga duka. Amri moja, na mamilioni ya simu za Android haziwezi kupata programu mpya, hata ya hospitali, hata ya shule, hata ile ya kujisomea sheria ya nchi. Google haikufanya kosa pale, aliyefunga si yeye. Lakini ni ukubwa wa Google ndio uliofanya kufuli moja litoshe. Siku zile waliopata walichokihitaji walikipata kwa njia ya mkono kwa mkono.

Mnaona sasa kwa nini tangazo la Agosti 2025 lilinishtua kuliko hukumu zote. Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizothibitishwa nayo, yaani karibu zote tunazonunua, Tecno na Itel zikiwemo, zitakataa programu yoyote ambayo mtengenezaji wake hajajiandikisha kwa Google na kuonyesha kitambulisho. Haijalishi umeitoa wapi. Inaanza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapuri na Thailand, halafu dunia nzima kuanzia 2027. Baada ya kelele nyingi wakaongeza kwamba watu wenye ujuzi watawekewa njia ya kupita wakikubali hatari wenyewe, na kwamba wanafunzi watapata akaunti ya bure, ila kwa idadi ndogo ya simu. Wengine wanalipa dola 25.

Dola 25 si kitu kule. Hapa ni mazungumzo. Na kitambulisho? Kijana wa Fizi mara nyingi anatembea na kadi ya mpiga kura tu, na kuna waliorudi kutoka Nyarugusu wakiwa na karatasi za ukimbizi. Yule aliyejifunza kuandika programu peke yake, akatengeneza kikokotoo cha bei za samaki kwa mama zetu wa mwaloni, anataka kuwapa wateja hamsini tu. Kwa nini apitie ofisi ya kampuni iliyo ng'ambo ya bahari ili mama mmoja wa Swima apokee faili kutoka kwa jirani yake?

Kuna jibu, na ni jibu zito, silidharau. Mafaili ya mkono kwa mkono yanabeba ugonjwa. Kuna programu za uwongo zinazovaa sura ya M-Pesa, zinaiba namba ya siri, na anayeibiwa si tajiri. Mtu akisema anataka kumlinda mama yangu, siwezi kumjibu kwa hotuba ya uhuru. Lakini Google yenyewe ilishaonyesha kwamba kuna dawa nyingine. Mwaka 2018 ilianza kutia alama ya usalama ndani ya mafaili ya Play Store, ili simu iweze kutambua kwamba programu ni halali hata ikiwa imepokewa kutoka simu nyingine bila intaneti, na ilisema wazi kwamba inawafikiria watu ambao mega kwao ni ghali. Yaani walitujua. Kutoka kukagua faili mpaka kudai kitambulisho cha kila anayeandika faili ni safari ndefu, na katika safari hiyo anayeongezewa nguvu ni mlinzi mwenyewe.

Nani basi aulize kwa niaba yetu? Sheria ipo. Sheria ya Kongo namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018, juu ya uhuru wa bei na ushindani, inakataza mkubwa wa soko kutumia vibaya ukubwa wake. Machi 2023 ikaja sheria ya mambo ya kidijitali. Tena nchi yetu imo katika COMESA, ambayo tume yake ya ushindani inafanya kazi Lilongwe tangu 2013. Karatasi hazikosekani. Ila Leta, tuongee wazi, imeshawahi kusimama mlangoni ikinyoosha mkono. Mmesahau RAM? Kuanzia Septemba 2020 mwenye simu ya 3G au 4G alikatwa dola 7 kwa mwaka, zikipungua kwenye yuniti zake kidogo kidogo, mpaka kelele za raia na wabunge zikaiondoa mwanzoni mwa 2022. Mtu wa Mboko aliyekatwa hizo hatamwona Leta kama mkombozi dhidi ya anayekata 30.

Hata hivyo inawezekana, na kwa majirani imeshawezekana. Kenya, wakala wa M-Pesa alikuwa amefungwa na mkataba: ukimhudumia Safaricom humhudumii Airtel. Airtel ikalalamika, mamlaka ya ushindani ikaingilia, na Julai 2014 Safaricom ikawaachia mawakala. Hakuna asilimia iliyopunguzwa siku ile. Kilichofunguliwa ni kibanda cha mtaani. Huku kwetu kabini moja inabandika matangazo ya mitandao mitatu na hatuoni ajabu, lakini kwa Mkenya wa 2013 hiyo ilikuwa ajabu. Afrika Kusini nayo, tume ya ushindani ilitoa ripoti yake ya mwisho juu ya majukwaa ya mtandaoni Julai 2023, na ikazitaka Apple na Google zitenge mahali pa kuonyesha programu za nchini humo. Ni kitu kidogo, sawa, lakini walianza na mtengenezaji wao, si na Fortnite.

Kwa wale wa sheria na wa informatiki wanaozunguka wakitafuta mada ya TFC: acheni kunakili Epic dhidi ya Apple, imeshaandikwa sana. Chukueni kifungu cha matumizi mabaya ya ukubwa katika sheria ya 2018, mkiweke mbele ya kanuni ya 2027, muulize kama kukataza simu kupokea faili kutoka simu ya jirani ni usalama au ni kufunga soko. Hesabuni kwa kweli: wanafunzi wangapi wa Mboko walipata programu zao dukani, na wangapi kwa Xender. Nendeni kabini, nendeni kwa watilia nyimbo, ulizeni na watu wa Baraka. Bila namba hizo tume haina cha kushika, iwe ya Kinshasa au ya Lilongwe, na 2027 haiko mbali.