Asili ya "Morfa Rhuddlan": Ukongwe Si Hoja

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tuna ugonjwa mmoja: tukiambiwa kazi fulani ni kongwe, tunaisujudia kabla ya kuipima. Chukueni "Morfa Rhuddlan", tuni ya Wales ipigwayo kwa kinubi na fidla. Edward Jones, mpiga kinubi, aliichapisha London mwaka 1784, akaihusisha na vita vya Rhuddlan vya mwishoni mwa karne ya 8. Eti ni maombolezo ya walioshindwa.

Simulizi tamu, lakini muziki wenyewe unakataa. Namna tuni inavyopanda, inavyoshuka na kutua ni mtindo wa karne ya 17 au 18.

Basi tuitupe? Hata kidogo! Hapa ndipo ninapoachana na wahakiki wanaoishia kwenye tarehe. Wales ya Jones haikuwa na serikali yake; simulizi hii iliwapa watu historia ya kujivunia. Hiyo ni kazi halali ya fasihi.

Ila ina gharama yake: inamfuta mpiga fidla. Daftari la John Thomas, mpiga fidla wa Wales, la mwaka 1752, lina tuni zaidi ya 500, za kwao zikichanganyika na za Uingereza bila ubaguzi. Ndivyo tuni zilivyoishi hasa: zikiazimwa, zikigeuzwa, zikichezewa ngoma. Mimi nasema asili ya tuni tuitafute kwanza kwenye mikono hiyo, ndipo twende kwenye makaburi ya wafalme.